Kusi Unalijua, Ardhi Ngumu Bado

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 58, na nacheza gofu hapa Malindi tangu nilipostaafu. Handikapu yangu, yaani kipimo cha uwezo kinachoonyesha mikwaju ninayopunguziwa, ni 25.5. Binti yangu anaishi Uskoti, na ameniandikisha mashindano ya siku moja ya wanawake wa miaka 50 na kuendelea, mwezi wa Agosti, mashimo 18 kwa mtindo wa Stableford, ule wa kuhesabu pointi, kwenye uwanja wa linksi, ule wa mchanga wa pwani. Nimeangalia picha zake nikaingiwa na woga. Hakuna miti, ardhi ni mabondemabonde, na mabanka, yale mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, yana kuta zinazonipita kimo. Sitaki kwenda kutia aibu. Nijiandae vipi? Na hivi ninavyovaa mtandio na suruali pana, hawatanikatalia?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na hiyo aibu, maana naona imekukaa rohoni kuliko hata mabanka.

Yapo mashindano ya wanawake wa rika lako ambayo mtu mwenye handikapu ya 25 hana kazi nayo. Ubingwa wa Women's Senior Amateur unaoandaliwa na wasimamizi wa sheria za gofu, R&A, kwa mfano, ni wa miaka 50 na kuendelea, huchezwa mashimo 54 kwa siku tatu, na mikwaju inahesabiwa yote bila mtu kupunguziwa kitu. Wamarekani wana wao tangu 1962, ambao baada ya mchujo huendelea kwa kutoana mtu na mtu. Carolyn Cudone aliuchukua mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Hao ni moto wa kuotea mbali. Lakini siko huko binti yako alikokupeleka. Siku ya Stableford ya klabu, iliyofunguliwa kwa wageni, ni shughuli ya watu wa kawaida: wastaafu kama wewe, kina nyanya wenye goti bovu, na wengi wao wamekuja kwa ajili ya mchezo na chai ya baadaye.

Wala usiende huko ukajiona umedandia mchezo wa wenyewe. Musselburgh, mji ulio jirani na Edinburgh, ndiko wanawake wauza samaki walikotangaziwa mashindano ya gofu ya mwaka mpya wa 1811. Zawadi ya kwanza ilikuwa tenga jipya la samaki na shali, na waliofuata vitambaa vya hariri. Tenga, dada! Mie naona lilikuwa na maana kuliko vikombe tunavyogawiwa siku hizi, ambavyo kazi yake ni kula vumbi juu ya kabati.

Sasa hesabu, kwa sababu ukiielewa nusu ya woga inaisha. Handikapu yako ya 25.5 haitumiki hivyo hivyo ilivyo. Kila uwanja una kipimo cha ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida, kiitwacho slopu, na slopu ya wastani ni 113. Tuchukulie huo wa kwao, kwenye tii za wanawake, yaani pale wanapoanzia kupiga, ni 125, na kadirio la uwanja, yaani mikwaju anayotarajiwa mchezaji hodari, linalingana na pa yake, ile idadi ya mikwaju iliyowekewa uwanja. Unazidisha 25.5 kwa 125, unagawa kwa 113, unapata 28. Kwa Stableford ya mtu mmoja mmoja hupewa asilimia 95 ya hiyo, yaani 27. Kwa hiyo unaingia uwanjani na mikwaju 27 ya kusaidiwa: mmoja kwa kila shimo, na wa pili kwa yale mashimo tisa yaliyoorodheshwa kuwa magumu zaidi. Kadi inaonyesha ni yapi.

Pointi zinakwenda hivi. Ukicheza pa baada ya kupunguziwa, pointi mbili. Ukizidisha mkwaju mmoja, pointi moja. Ukizidisha miwili au zaidi, huna kitu. Ukipata berdi, yaani mkwaju mmoja chini ya pa, tatu. Shimo la pa 4 ambalo una mikwaju miwili ya msaada, ukilimaliza kwa sita umepata pointi zako mbili kamili. Ukifikisha saba bado unayo moja. Ukishapiga saba na mpira haujaingia, uokote, utie mfukoni, utembee. Hakuna atakayekutazama vibaya. Kinyume chake, watakaokukasirikia ni wale wa nyuma yako, ukisimama pale unaugongagonga mpira usio na faida tena. Mtindo huu ulibuniwa na daktari mmoja, Frank Stableford, na raundi yake mashuhuri ya mwanzo ilichezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, kwa ajili ya watu kama sisi ambao shimo moja baya linaweza kutuharibia siku nzima. Jumla ya pointi 36 maana yake umecheza sawasawa na handikapu yako. Ukirudi na 28 katika uwanja usioujua na upepo usio wako, umefanya vizuri sana.

Tuje kwenye uwanja wenyewe. Linksi ni ile ardhi ya mchanga iliyo kati ya bahari na mashamba, yenye vilima vya mchanga vilivyoota nyasi. Haikuchongwa na tingatinga. Maji hayatuami pale, kwa hiyo hata baada ya mvua mpira unadunda. Nyasi zake ni nyembamba na fupi, si ukoka huu wetu unaoushika mpira na kuukumbatia. Hapa Malindi mpira ukitua mbele ya grini, ule uwanda wa nyasi fupi wenye shimo, unaruka mara moja, mbili, unatulia. Kule ukitua hatua thelathini kabla ya grini unaweza kuingia grini, ukaipita, ukatokea upande wa pili. Hili ndilo somo lako kubwa, dada. Upepo unaujua tayari. Mtu aliyecheza hapa mwezi wa Julai, kusi likiwa limeshika, mpira unasukumwa huku na mtandio kule, hana cha kufundishwa na mtu wa bara kuhusu upepo. Usichokijua ni ardhi inayotembeza mpira.

Kwa hiyo acha kulenga bendera. Lenga mahali pa kutua. Kabla ya kila mkwaju jiulize mpira utatua wapi na utateremkia upande gani, kwa sababu mabonde yale uliyoyaona kwenye picha yana kazi: mengine yatakuletea mpira karibu na shimo, mengine yataupeleka bankani. Ukiwa hatua hamsini kutoka grini na hakuna kitu cha kuruka mbele yako, weka weji, ile fimbo ya kuinua mpira juu, kwenye begi. Chukua fimbo ya chuma, aini 7 au 8, mpira uuweke karibu na mguu wa kulia, mikono mbele kidogo, uzito mguu wa kushoto, piga mkwaju mfupi wa mabega bila kuvunja vifundo vya mikono. Mpira unainuka kimo cha goti, unatua mapema, halafu unakimbia. Na ukiwa hatua tano au kumi nje ya grini, kwenye nyasi fupi, tumia pata, ile fimbo ya kuviringisha mpira, bila haya. Wanawake wa huko wanafanya hivyo kila siku. Pata mbaya humaliza karibu kuliko weji mbaya, na katika umri wetu tunahesabu mikwaju, hatuhesabu mbwembwe.

Kuhusu upepo wenyewe, ingawa nimesema unaujua, kuna jambo moja nawaona wengi hapa wakilifanya kinyume. Upepo ukiwa usoni wanapiga kwa nguvu zaidi. Mpira uliopigwa kwa nguvu unazunguka zaidi kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaouinua. Upepo wa mbele unaongeza mwinuko, kwa hiyo mpira unapanda, unasimama hewani, unaanguka mita chache mbele yako. Nahodha upepo ukizidi hupunguza tanga, nawe punguza mkono: kama ni umbali wa aini 7, shika aini 5 au hibridi, ile fimbo iliyo nusu mbao nusu aini, shika chini kidogo kwenye mpini, urushe robo tatu tu ya mzunguko wako na umalizie mikono ikiwa kifuani. Mpira utakwenda chini na mbali kuliko ule uliopigwa kwa hasira. Halafu kumbuka upepo wa usoni hukunyang'anya zaidi ya kile ambacho wa mgongoni hukupa, usitegemee kufidia. Viwanja vingi vya zamani vya namna hii vinakwenda moja kwa moja kufuata pwani mashimo tisa, kisha vinageuka na kurudi, kama ule wa St Andrews. Unaweza kucheza nusu nzima ya kwanza upepo ukikupiga usoni na kadi yako ikawa ya kusikitisha. Usivunjike moyo shimo la 9. Pointi zako ziko njiani kurudi.

Na grini zao, kwa sababu hiyo hiyo ya upepo, mara nyingi huwa hazikatwi fupi mno, la sivyo mipira ingetembea yenyewe. Ikitokea mpira wako ukasukumwa na upepo ukiwa grini, sheria iko hivi: kama hukuwa umeshauinua na kuurudisha, hapo ulipofika ndipo utakapoupigia, hata kama umesogea karibu na shimo. Kama ulikuwa umeshauweka alama, ukauinua na kuurudisha, basi unaurudisha pale ulipokuwa. Hakuna adhabu kwa hali zote mbili.

Mabanka sasa. Hayo uliyoyaona ni madogo, yana kina, na ukuta wa mbele umejengwa kwa vipande vya nyasi vilivyopangwa juu kwa juu. Hayafanani na banka letu pana la mchanga mweupe ambalo mtu hutoka hata kwa bahati. Ushauri wangu hautakufurahisha: ukiingia humo, swali la kwanza lisiwe bendera iko wapi, liwe mlango uko wapi. Angalia nyuma yako na pembeni. Penye ukuta mfupi ndipo pa kutokea, hata kama ni kurudi ulikotoka. Mkwaju mmoja wa pembeni, mmoja wa kwenda grini, mikwaju miwili ya pata, na kwenye shimo gumu la pa 4, kama uliingia bankani kwa mkwaju wa pili, bado umemaliza kwa sita na pointi zako mbili unazo. Ukijaribu kuuvusha mpira juu ya ukuta, ukagonga, ukarudi miguuni, ukajaribu tena, shimo limekwisha.

Kama mpira umegandamana na ukuta na huoni pa kupigia, unaweza kutangaza kuwa hauchezeki. Kwa adhabu ya mkwaju mmoja unaudondosha humo humo bankani, ndani ya urefu wa fimbo mbili au kwa kurudi nyuma kwenye mstari wa bendera. Kwa adhabu ya mikwaju miwili unautoa nje kabisa, nyuma ya banka, kwenye mstari huo huo. Na kama umekata tamaa, mkwaju mmoja wa adhabu na unarudi ulikopigia mwanzo. Kudondosha ni kwa kimo cha goti, si bega kama zamani. Hilo lilibadilishwa mwaka 2019, na bado nawaona wakubwa wenzetu wakinyoosha mkono.

Huko nje ya njia kuna vichaka vya miba vyenye maua ya manjano na nyasi ndefu za magoti. Mpira ukiingia humo una dakika tatu za kuutafuta, si tano. Ukihisi tu kwamba huenda umepotea, kabla ya kuondoka pale, tamka wazi mbele ya wenzako kwamba unapiga mpira wa akiba, kisha upige. Usipotamka, huo wa pili unakuwa ndio mpira wako, na wa kwanza hata ukionekana hauna thamani.

Kuna pengo jingine ambalo nadhani hujalifikiria, nalo ni kedi. Hapa tumedekezwa. Kedi anabeba, anaona mpira ulikoangukia, anasawazisha mchanga, anasoma grini, na wengine wanakumbuka hata mikwaju yako kuliko wewe. Kule utasukuma kigari chako mwenyewe, au ubebe begi mgongoni, jambo ambalo sikushauri. Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya safari mwambie kedi wako atembee nawe akiwa amenyamaza. Mlipe kama kawaida, maskini, kosa si lake. Wewe chagua fimbo, wewe fuata mpira kwa macho mpaka utue na uweke alama ya kichaka au kilima, wewe shika reki. Ukiwa na fimbo nane au tisa tu kigari kitakuwa chepesi. Kanuni inaruhusu hadi 14, lakini hailazimishi. Ningekuwa mimi ningebeba draiva, mbao ya 5, hibridi moja au mbili, aini kuanzia ya 6 kila ya pili, weji mbili na pata.

Kadi mtabadilishana: wewe unaandika ya mwenzako, naye yako. Mwisho mnalinganisha shimo kwa shimo na kutia saini wote wawili. Kwa pointi usijisumbue, kamati itahesabu. Kwa mikwaju ya kila shimo jisumbue sana. Ukitia saini pungufu ya ulichocheza unaweza kuondolewa mashindanoni, ukitia saini zaidi inabaki hivyo hivyo.

Mtandio hauna tatizo. Sheria za gofu hazisemi lolote kuhusu mavazi. Kila klabu ina kanuni yake, na suruali pana ya heshima na mikono mirefu haijawahi kuwa kosa. Tatizo lako litakuwa upepo, si watu. Ncha za mtandio zichomeke ndani ya sweta na uzibane kwa pini, maana zikikupiga usoni katikati ya mkwaju huwezi kurudia. Na hilo sweta si mzaha. Agosti yao haina joto la Malindi hata ya usiku, na mvua huja ikaondoka mara tatu kwa raundi moja. Vaa nguo nyembamba tatu badala ya koti moja zito linalobana mabega. Mwavuli utakuhangaisha tu penye upepo ule, chukua koti la mvua na glavu ya akiba mfukoni. Mpira nao kwenye baridi hauendi mbali kama hapa, kwa hiyo hata pasipo upepo ongeza fimbo moja. Swala isikutie wasiwasi pia: mwezi huo Adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana na Alasiri huchelewa hadi saa kumi na moja na kitu, jua likizama kati ya saa mbili na saa tatu na kitu usiku. Ukipangiwa kuanza saa tatu asubuhi, utamaliza Adhuhuri ikiwa bado ina nafasi tele.

Mazoezi yako yafanyie hapa hapa. Kuanzia Mei kusi linakuwa limefika, na mchana ndio linapokaza. Acha kucheza alfajiri wakati hewa imetulia, cheza saa tisa alasiri. Kwa ardhi ngumu, nenda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua bahari inapotoka mbali. Tafuta pahali pasipo na watu, kwenye ule mchanga wa chini uliolowa na kushikana, ambao unyayo hauachi shimo. Weka mpira hapo, chukua aini 8, ucheze ule mkwaju mfupi wa kukimbiza. Mchanga ule hausamehe. Ukigonga nyuma ya mpira, fimbo inachimba na mpira hausogei. Ukigusa mpira kwanza unasikia mlio safi, na alama ya fimbo inabaki mbele ya pale mpira ulipokuwa. Tazama hizo alama. Zikianza kukaa mbele mara nyingi kuliko nyuma, uko tayari. Nafasi ikiruhusu panda gari hadi Vipingo, kwenye uwanja ulioandaa Magical Kenya Ladies Open, ambako Esther Henseleit alishinda mwaka 2019. Si linksi, lakini upepo upo, na utazoea kutembea mashimo 18 ambayo huyajui.

Mwisho, binti yako. Umesema ndiye aliyekuandikisha, na bila shaka atataka kutembea nawe siku hiyo. Kama kanuni za mashindano zinaruhusu kedi, mwandikishe yeye awe kedi wako, asukume kigari. Akiwa kedi ana haki ya kukushauri lolote. Akiwa mtazamaji tu, ukamgeukia ukamwuliza, "Mwanangu, hapa nipige na ngapi?", swali hilo peke yake ni mikwaju miwili ya adhabu. Na mwambie akufikishe mapema. Ukichelewa saa yako ya kuanza unaadhibiwa, na zikipita dakika tano umeondolewa kabla hujapiga hata mpira mmoja.